Chuma Kikavu

Vile vishikio vya darubini nilivichagua mimi. Hapa kijijini wengine wanasema alivichagua fundi, wengine wanasema alivichagua mwanangu Melkizedeki, lakini zilikuwa aina mbili juu ya meza, na mkono uliogusa mojawapo ukasema "hivi" ulikuwa huu wangu.

Melkizedeki ni kitinda mimba wangu. Jicho lake la kushoto lilichomwa na mwiba wa mgunga akichunga mbuzi, bado hajaanza hata shule. Akabaki na la kulia, nalo likamtosha. Alipokua alifanya kazi miaka mingi kule Rungwa, akiwafuatia nyayo za wanyama wageni wanaokuja kuwinda kwa vibali, halafu akarudi nyumbani kuwa askari wa wanyamapori wa kijiji. Sisi tuko ukingoni mwa msitu wa Mgori, na tembo wakitoka huko hawaulizi shamba ni la nani. Bunduki yake ilikuwa ya marehemu baba yake, Mughwai, yenye karatasi zake zote, bunduki ya risasi nene kama kidole gumba. Mughwai alizoea kusema kwamba ile inapiga mbele na inapiga nyuma. Ukiikumbatia vibaya, bega linakuuma hadi Jumapili ya pili.

Melkizedeki alipofika miaka arobaini na sita, lile jicho moja likaanza kuchoka. Yeye hakusema. Alisema mkewe, Yunisi, kwa mzaha, tukiwa tunapepeta mtama. "Mama, leo mwanao kaiamkia kanga yangu iliyo kwenye kamba. Shikamoo kabisa. Kanga ikanyamaza, akakasirika." Tulicheka sote watatu, na yeye alicheka. Baadaye nilimwona nyuma ya zizi ameishika bunduki, anailenga miti, anaishusha, anafuta jicho kwa mgongo wa mkono. Ile nundu ya mbele ya kulengea ilikuwa imekwisha kuwa ukungu kwake.

Mwaka huohuo dume moja la tembo, lenye pembe moja na nyingine iliyovunjika, lilimkanyaga jirani yetu Felista asubuhi kisimani. Tulimzika bila kumfunua. Na bwana nyama wa wilaya, mkubwa wa askari wa wanyamapori, akatuma habari kwamba jaribio la shabaha ni baada ya wiki tatu, na askari atakayekosa atarudisha bunduki na kazi. Kijiji kizima hakuna mwingine mwenye karatasi ya kupiga. Kwa hiyo ilikuwa ama Melkizedeki aone, ama tukae na lile dume kama tunavyokaa na mvua.

Darubini ya kulengea, ya kufungwa juu ya bunduki, alikuwa nayo. Mgeni mmoja wa Rungwa alimwachia kama zawadi alipomaliza safari yake. Kwa kuwa kitu cha bunduki hakikai nyumbani bila kuandikishwa, bwana nyama alikuwa ameifungia ofisini kwake mjini. Akasema lete kwanza vishikio vya kuifungia, ndipo nikupe.

Tukaenda Singida siku ya Jumanne, bunduki imeviringishwa kwenye gunia na barua ya polisi imebandikwa juu. Nilisema nakwenda kuuza kuku. Kuku nilikuwa nao kweli, majogoo manne, lakini nilikwenda kwa sababu sikutaka apande basi la kwenda kwingine kwa kutosoma kibao.

Fundi anaitwa Stanley. Ana chumba nyuma ya vibanda vya soko, anatengeneza cherehani, na kwa kibali anatengeneza na bunduki. Mtu mfupi, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Alinipa shikamoo, akanipangusia kigoda, akaipokea bunduki kutoka kwenye gunia na kuipimapima mkononi.

"Bibi, hii siyo bunduki," alisema. "Hii ni punda mwenye mtutu."

Akaweka mezani vishikio vya aina mbili. Vya kwanza vilikuwa vya alumini, vyeusi, vinang'aa, vyepesi kama ganda la mende. Vya pili vilikuwa vya chuma, vizito, havina sura. Melkizedeki akavipenda vile vyepesi. Alisema bunduki yenyewe ni mzigo, naye anatembea nayo kutwa, akiongeza chuma juu yake atakuwa anabeba mtoto wa tatu. Fundi akamweleza kwamba vile ni vya bunduki ya swala. Kwa teke la bunduki hii vitavumilia siku moja, siku mbili, kisha skrubu zitaanza kula alumini kama mchwa, na mtu hajui mpaka risasi iende kwingine. Wakavutana kidogo. Mwisho Melkizedeki akanigeukia. "Mama, wewe unaonaje?"

Mimi najua kuchagua jembe. Nilivichukua kimoja kimoja, nikavipima kiganjani, nikavigonga kwa ukucha nikavisikiliza. Vile vya alumini vililia kama kifuniko cha sufuria. Vya chuma vilinyamaza. Nikamuuliza fundi lile jino lililo chini ya kile cha chuma ni la nini. Akasema linaingia kwenye mfereji wa reli, yaani kile kipande kinachofungwa juu ya bunduki, ili bunduki ikipiga teke, teke lipokelewe na jino, lisipokelewe na skrubu. Hapo nikaelewa. Ni kama jembe na mpini. Jembe lililoshikwa na msumari litakutoka mkononi siku ya pili, na lililopita kwenye tundu la mpini litazeeka nawe.

"Hivi," nikasema, nikavigusa.

Fundi akacheka, akamwambia Melkizedeki kwamba mama yake angefaa kuajiriwa pale. Nilifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi sana.

Akafunga reli juu ya bunduki, akaweka pete zile za kushikia darubini, na kwa kuwa darubini yenyewe ilikuwa bado kwa bwana nyama, akajaribia kwa kipande cha bomba la unene uleule. Pete mbili pana, skrubu nne juu ya kila moja. Kisha akazifungua tena, akazitia kwenye kopo la maziwa pamoja na spana ndogo iliyopinda, na akatukalisha kutufundisha. Skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, kama mtu anavyofunga tairi. Baada ya risasi za kwanza zikazwe tena. Halafu akainua kidole.

"Jino linazuia kishikio kisitembee kwenye reli," alisema. "Lakini darubini ndani ya pete haina jino. Inashikwa na ukavu tu. Mafuta yasiguse humu ndani, hata ya jasho la kidole. Pangusa kwa hii, acha pakauke, ndipo ufunge."

Akampa kichupa cha spiriti. Melkizedeki akakitia mfukoni. Siku ile bwana nyama alikuwa ametoka ofisini, tukarudi nyumbani na kopo.

Kwetu, kwa mama yangu na kwa bibi yake, chuma kipya hakilali ndani ya nyumba kikiwa kikavu. Jembe, shoka, kisu, hata baiskeli ya Mughwai, kikiingia kinapakwa samli, na anayepaka anakisemesha. Kinaambiwa, umekuja kutulisha, hukuja kumwaga damu ya mtu wa nyumba hii. Tunasema chuma kikavu kina kiu, na chenye kiu kinakunywa kilicho karibu. Bunduki yenyewe niliipaka mimi siku Mughwai alipoileta, Melkizedeki akiwa tumboni.

Nilimsikia fundi. Siwezi kusema sikumsikia, nilikuwa nimekaa palepale. Ila aliposema mafuta mimi niliwaza yale ya mashine, yanayomwagiwa cherehani. Samli sikuihesabu kuwa mafuta. Samli kwangu ilikuwa maneno.

Jioni ile jua likiwa bado juu, Melkizedeki alikwenda kumjulia hali Alute, mume wa marehemu Felista. Nikatungua kibuyu cha samli, nikafungua kopo. Nikapaka pete zote mbili ndani, kwa sababu niliona hapo ndipo jicho lake litakapokaribia. Nikalainisha kwa kidole gumba mpaka samli haikuonekana, ikabaki kung'aa tu. Nikazisemesha. Nikafunika kopo nikalirudisha pale alipoliweka.

Kesho yake alikwenda mjini peke yake, akarudi na darubini imekaa juu ya bunduki kama imezaliwa hapo. Akanipa nitazame. Niliona jani la mti ulio ng'ambo ya korongo, jani moja, limekatwa na nyuzi mbili nyembamba. Nikamwuliza kama naye analiona. Akasema analiona mpaka mishipa yake.

Jaribio alilipita. Risasi tatu, zote zikaingia mahali unapoweza kufunika kwa kisosi. Bwana nyama akatia sahihi. Yunisi akachinja kuku, na Melkizedeki akakaa mlangoni na ile spana iliyopinda, akazikaza skrubu tena kama alivyoagizwa, akasema hazisogei, zimekaa. Wiki zile tulikuwa watu wenye furaha. Ninazikumbuka moja moja.

Amri ya kulipiga lile dume ilikuja mwezi wa nne, uwele ukianza kushika punje. Lilionekana asubuhi shambani kwa Alute, jua limeshachomoza, linakula bila haraka. Melkizedeki alikwenda na Alute. Sisi wanawake tukasimama nyuma ya nyumba, Yunisi amenishika kiwiko.

Yaliyobaki alinisimulia Alute. Anasema risasi ya kwanza ililipata dume, likapiga goti moja, likasimama. Melkizedeki akavuta ya pili. Alute anasema aliisikia bunduki, na ndani ya mlio wake akasikia mlio mwingine mdogo, kama mchi unapokosea kinu. Melkizedeki akageuka akiwa ameshika uso kwa mikono yote miwili. Dume likaondoka kuelekea msituni, uwele ukilala nyuma yake. Alute akaokota bunduki, akampa Melkizedeki ashike mkanda wa bunduki hiyo, naye akashika mbele, wakaja nyumbani hivyo, mmoja anavuta na mwingine anavutwa.

Nilipoipokea ile bunduki nilitazama. Reli haikusogea hata unywele. Vishikio vilikaa pale pale, jino kwenye mfereji wake, skrubu zote nane zimekaza. Ni darubini tu iliyoteleza ndani ya pete, ikarudi nyuma vidole viwili, ukingo wake ukawa mwekundu. Na pale kwenye pete nilisikia harufu. Mtu aliyekulia kwenye maziwa haikosei, harufu ya samli iliyopata moto.

Singida walimshona nyusi. Dodoma walitazama ndani, wakatuambia taratibu kwamba nyusi inashoneka, jicho halishoneki. Nilimshika mkono kutoka pale hospitali. Alitembea akiinua miguu juu kama mtu anayevuka maji.

Lile dume lilimalizwa siku ya nne na askari waliotoka mbali. Mwezi uliofuata likaja jingine kwa njia ileile. Hili lina pembe zote mbili. Wakati wa mavuno hakukuwa na cha kuvuna, Yunisi akachukua watoto akaenda kwa kaka zake Kiomboi. Alisema atarudi pakiwa na kitu cha kurudia. Sikumlaumu, hata moyoni. Bunduki na darubini polisi walizichukua, vishikio wakaviacha, wakasema hivyo ni vyuma tu. Vikabaki kwenye kopo lao la maziwa, juu ya kichanja changu.

Kijiji kikatafuta wa kumtupia, kikampata fundi. Vishikio vilikuwa bandia, walisema. Alimwuzia kipofu nusu vyuma vibovu akawa kipofu kamili. Mwenyekiti akaandika barua, na bwana nyama akawaambia wenye bunduki wasipeleke kitu kwake mpaka jambo lieleweke. Walikuja kunieleza haya wakiwa wamekaa kwenye mkeka wangu, nami nikawapa maji na kuendelea kumenya karanga. Kila mara walipomtaja fundi nilinyamaza. Miezi minne nilinyamaza. Mimi watu wananisifu kwa subira, na siku zile niliona subira na woga vinaweza kukaa kwenye kigoda kimoja.

Mwezi wa nane fundi akaja mwenyewe, kwa pikipiki, mfuko wa vyombo mgongoni. Alikuwa amekonda. Alinipa shikamoo ileile. Akamwambia Melkizedeki pole, akasema hakuja kugombana, anaomba kuviona vile vishikio kwa macho yake. Melkizedeki alikuwa amekaa ameegemea ukuta, akaonyesha kichanja kwa mkono. Niliteremsha kopo mimi.

Fundi alizigeuza pete juani. Akagonga, akapima jino, akaridhika. Kisha akapitisha ukucha ndani ya pete moja, na ukucha ukatoka na kitu cha njano. Akakinusa.

"Nani alipaka mafuta humu?"

"Mimi," akasema Melkizedeki.

"Nilikwambiaje?"

"Uliniambia pawe pakavu."

Fundi hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Harufu ya samli ya kibuyuni haifanani na mafuta mengine, na ni mtu gani wa hapa asiyejua ni nani ndani ya nyumba anayepaka samli. Yeye ni mtu wa hukuhuku, mama yake alipaka. Nikafungua kinywa. Melkizedeki akaniwahi, uso wake umeelekea ukutani kwa sababu hakujua vizuri nimesimama wapi.

"Mama, mletee fundi maji."

Nami nikaenda kuleta maji. Mguu wangu ulikwenda wenyewe. Niliporudi walikuwa wameandika karatasi, kwamba kosa ni la aliyefunga darubini, vyuma havina kasoro. Melkizedeki alikuwa ametia kidole gumba chenye wino. Mtoto niliyempeleka shule, anayejua kuandika jina lake kwa mwandiko wa kuunganisha.

Nilimsindikiza fundi hadi pikipiki ilipo. Alifunga mfuko wake, akavaa kofia, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Ungesema tu, bibi. Miezi minne hii nimekula kwa shemeji yangu." Alingoja kidogo, kwa adabu, akawasha pikipiki akaondoka.

Nikarudi nikakaa karibu na mwanangu. Nikamwambia ni mimi. Nilimwambia kibuyu, kidole gumba, maneno, yote.

"Najua, mama," akasema. "Nilijua tangu siku ile ofisini kwa bwana nyama. Nilipofungua kopo niliisikia samli kabla sijaigusa."

"Na spiriti ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo. Nilishafungua kifuniko. Nikasema, nikipaosha hapa nimeyaosha maneno ya mama." Akatafuta magoti yake kwa mikono, akayashika. "Nikapangusa kwa leso tu. Nikaona pete zilivyoshika siku ya jaribio, nikasema fundi anajua chuma, na mama naye anajua chake."

Nilitamani anigombeze. Nilipekua sauti yake nikitafuta mahali pa kushika, msamaha au hasira, sikupata. Afadhali asingejua. Angekuwa hakujua, kosa lingekuwa langu peke yangu, na peke yangu ningelibeba mpaka kaburini. Sasa tunalo wawili, na ametiwa ndani yake kwa kunipenda.

Juzi Alute alitoka mjini na fimbo, moja ya zile nyeupe za wasioona, zilizotumwa na watu wa misheni. Ni nyepesi, na mwisho wake una kichuma. Melkizedeki aliipapasa yote kutoka juu hadi chini, akafika kwenye kile kichuma, akasimama hapo. Kisha akaninyooshea.

"Mama, kina chuma. Ni kipya."

Nikatungua kibuyu. Samli imebaki kidogo chini, ng'ombe alikwenda na watoto Kiomboi kwa ajili ya maziwa yao. Nikafungua kifuniko. Nikatia kidole, nikakitoa, nikakiangalia. Maneno yale nayajua tangu nikiwa mdogo kuliko kinu. Nikayaanza moyoni, umekuja kutulisha, na hapo yakanigomea. Nikafuta kidole kwenye kanga.

Nikamwambia samli imekwisha.

Kibuyu kikifunguliwa harufu yake inafika mpaka uani, na mtu asiyeona anasikia zaidi yetu. Alibaki amenyoosha mkono muda mrefu kidogo.

"Haya," akasema.

Akachukua fimbo yake, akainuka, akaenda zake kuelekea chooni, akipapasa njia niliyokuwa nikimpeleka kwa mkono. Sikumfuata. Nilikaa na kibuyu mapajani nikisikiliza kile kichuma kikigonga jiwe baada ya jiwe, kikavu.